Ndovu Kumi na Wawili Kwenda Bombay

Jumatano, 26 Juni 1985

Nimedungwa sindano ya homa ya manjano. Mkono umevimba kama andazi. Munyoki amekataa! Tumepanga foleni pamoja tangu saa mbili, tumefika mlangoni kabisa, mume wangu akageuka. Ati mkono utamuuma na masikio ya ndovu anayemchonga hayajaisha. Nikamwambia si wakudunge wa kushoto, tezo unashika kwa kulia. Akanijibu mbele ya watu: wa kulia unapiga, wa kushoto ndio unamshika ndovu, ukitetemeka kidogo tu sikio limekwenda. Nesi akacheka. Mimi sikucheka. Nimerudi nyumbani Huruma na kadi moja ya njano badala ya mbili.

Ijumaa, 5 Julai

Hatimaye amedungwa. Ndovu wake amekwisha — mzuri, siwezi kukataa. Ukimtazama unaona anataka kupiga hatua.

Bado siamini. Sisi, Bombay! Usingizi hauji, chakula hakishuki, kazini nimechapa tarehe ya leo mara tatu kwenye barua moja. Na yote ni kwa ajili ya Bwana Kapadia, mwenye duka la vinyago huko. Ndiye aliyeandikia banda letu la wachongaji, Gikomba: njooni kwenye maonyesho, tikiti mbili nalipa mimi, moja ya mchongaji, moja ya msaidizi anayejua Kiingereza. Wachongaji wako kumi na wawili, kila mmoja ametakiwa kutoa ndovu mmoja. Kapadia akipendezwa, ataagiza kazi ya mwaka mzima kwa banda zima. Mwaka mzima! Na sasa hivi hakuna mtalii anayefika Gikomba. Askari wa kanjo la jiji wanafagia watu barabarani kwa sababu ya mkutano wa wanawake wa dunia.

Munyoki alichaguliwa bila kelele. Kelele zilikuwa juu yangu. Ati kwa nini mwanamke achukue kiti cha ndege? Mzee Nyamai, mkongwe wa banda, ndiye aliyewanyamazisha. Aliwauliza barua za Kiingereza amechapa nani. Basi, akasema, aende akasome na majibu.

Barua hizo! Munyoki alisema andika ni mpingo, nikaandika ni mpingo, kwa mashine ya ofisi, saa ya chakula. Mpingo umeonekana Gikomba lini? Ni muhugu, mti wa bei rahisi. Unapakwa rangi nyeusi ya viatu, unasuguliwa na kitambaa mpaka ung'are. Kila banda linafanya hivyo. Na mpakaji wa banda letu ni mimi, kila Jumamosi, mwaka wa sita huu.

Jumanne, 9 Julai

Baridi gani hii! Rangi haikauki. Nimewapanga ndovu wote kuzunguka jiko la makaa, bado wananata. Munyoki anasema watakaukia njiani. Njiani wapi, mawinguni?

Wa Mzee Nyamai nimempaka mara mbili. Ana ufa mgongoni. Tuliujaza unga wa mbao na gundi, nikapiga msasa, nikapaka, ukapotea. Mzee alikuja mwenyewe kuhakikisha. "Mama Nthoki, hapo ongeza kidogo." Mikono yake siku hizi inatetemeka hata akishika kikombe. Yeye ndiye aliyemfundisha Munyoki kazi, na wengi wa wale wengine. Nikaongeza.

Alhamisi, 11 Julai

Tuko uwanja wa ndege. Nthoki wetu amebaki na Waithera, jirani wa juu. Hakulia. Nimelia mimi. Ndovu wako kwenye katoni mbili, wamefungwa kwa magazeti. Akina mama wa dunia wanaingia Nairobi makundi kwa makundi, sisi tunatoka. Munyoki ameuliza mara nne kama ndege ina choo.

Ijumaa, 12 Julai — Bombay

Wamemchukua Munyoki!

Niandike polepole. Afisa wa afya alifungua kadi yangu, akapiga muhuri. Akafungua ya Munyoki, akaanza kuhesabu kwa vidole. Nikajua kuna kitu. Sindano haihesabiki mpaka siku kumi zipite, na yeye ana saba tu. Kwa hiyo karantini, mpaka Jumatatu. Lakini maonyesho ni kesho na keshokutwa! Nikaeleza, nikaomba, nikapandisha sauti. Yule afisa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema pole sana dada, ni sheria. Sikio la ndovu! Mtu amefungiwa siku tatu kwa ajili ya sikio la ndovu! Nilitaka kumpiga Munyoki na nilitaka kumshika mkono, vyote kwa pamoja.

Karantini ni nyumba ndefu karibu na uwanja, madirisha yana wavu wa mbu. Tulizungumza kupitia wavu. Amenyong'onyea kabisa. Alisema mambo mawili tu. Usiwaache ndovu mvuani. Na wakiuliza, ni mpingo, usibadilishe hata neno moja, wanaume kumi na mmoja wanatungoja.

Dereva wa Kapadia akanichukua. Barabara imejaa maji, gari likazima katikati. Nikashuka na katoni moja kichwani, dereva na nyingine, maji magotini. Kiatu changu cha kanisani, cha kushoto, kimeondoka — mto wa barabarani umekibeba nikikiona! Na joto! Kwetu mvua huja na baridi. Hapa unanyeshewa huku unatoka jasho, ni kama kuinamia sufuria ya maharagwe. Nimefika loji na kiatu kimoja na mume nusu.

Jumamosi, 13 Julai

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilipewa meza kati ya wauza sinia za shaba. Nikawapanga ndovu. Watu wakaja, wakatazama, wakacheka. Masikio haya ni ya nani? Ndovu wa kwao wana masikio madogo! Tumewaletea Wahindi ndovu, na kati ya wachongaji kumi na wawili hakuna aliyefikiria hilo, wala mimi. Nikawaambia hawa ni wa Tsavo, kule ni mbali, lazima wasikie vizuri. Wakapenda. Nikaanza kupata moyo.

Halafu joto likapanda. Kufika saa sita ndovu wakaanza kutoa jasho. Kweli! Ile rangi iliyokataa kukauka Nairobi ikageuka mafuta. Mama mmoja mwenye sari nyeupe akambeba ndovu wa Mzee Nyamai kifuani kama mtoto, akaita wenzake waje kuona. Alipomrudisha mezani kifua kizima kilikuwa cheusi. Akapiga ukelele. Nikachukua leso yangu nikafuta, nikazidi kueneza. Watu wakajaa kama penye ajali.

Mzee mfupi mwenye miwani akapenya katikati yao. Akamchukua yule ndovu, akamnusa, akaniangalia. Akasema kwa Kiswahili — Kiswahili!

"Mama, hii iko rangi ya viatu."

Nilitamani ardhi inimeze. Ndiye Kapadia mwenyewe. Kumbe amezaliwa Machakos! Baba yake alikuwa na duka pale mpaka mwaka wa sitini na nane.

"Miaka ishirini sisi nauza hii rangi. Harufu yake mimi najua kama chai. Sasa sema, hii iko mti gani?"

Usibadilishe hata neno moja. Na mdomo ulikuwa tayari, mpingo ulikuwa kwenye ulimi. Nikatazama mikono yangu, nyeusi mpaka kwenye saa. Nikasema ni muhugu. Nikasema barua nimechapa mimi, rangi nimepaka mimi. Njia ya mwongo ni fupi, lakini sikujua yangu ingeishia mbele ya halaiki ya watu.

Hakunifukuza. Alimtuliza yule mama kwa lugha yao, akafunika meza yangu kwa shuka, akasema kesho nilete ndovu wote dukani. Nimeshindwa kukaa, nimeshindwa kulala. Natembea chumbani na kiatu kimoja.

Jumapili, 14 Julai

Kapadia aliweka mezani chupa ya mafuta ya taa na matambara. Akavuta kiti. "Toa rangi yote. Mimi nataka kuona."

Nilianza na wa Munyoki. Rangi ikatoka, mti ukajitokeza, mwekundu wa asali, na harufu ya muhugu ikajaa duka zima. Kapadia akafumba macho. Akasema iko kama msandali hii, kwa nini nyinyi naficha? Mwaka wa sita nafunika kitu kile na sikuwahi kujiuliza. Nilimwonea fahari Munyoki.

Halafu wa pili. Wa tatu. Hapa gundi. Pale mguu umeunganishwa kwa msumari. Huyu sikio lake moja ni la mti mwingine kabisa. Makosa yote hayo nayajua, niliyafunika mwenyewe, moja moja, Jumamosi hii na Jumamosi ile. Ila sikuwahi kuyaona yote siku moja. Nilipofika kwa ndovu wa Mzee Nyamai nikasema mkono umechoka. Kapadia akachukua tambara, akafuta yeye. Ufa ukatoka mabegani ukaenda mpaka mkiani.

Akawatenga wanne. Wa Munyoki na watatu wengine. Kazi ya mwaka mzima, bila rangi, kwa hawa wanne tu.

Nikamuuliza, na banda zima je? Akatikisa kichwa. "Nyingine iko gundi tupu. Mvua moja hapa, nafunguka. Mimi taambia wateja nini?"

Akaandika karatasi ya oda, majina manne, chini mahali pa sahihi. Munyoki yuko nyuma ya wavu, simu sina, ndege ni keshokutwa. Nikatia sahihi. Wanne ni bora kuliko hakuna. Nimejiambia hivyo njia nzima kurudi loji na bado najiambia.

Jumatatu, 15 Julai

Ametoka. Nimemweleza palepale getini, mvua ikitunyeshea. Nilijua nikingoja nitaanza kutunga. Hakupiga kelele. Alisoma majina manne, akageuza karatasi kuona kama kuna mengine nyuma.

"Nyamai?"

Nikasema hapana.

Amekataa kula. Baadaye, amenipa mgongo, akauliza yule Mhindi alisema nini juu ya ndovu wetu. Nikamwambia yote, na harufu, na macho aliyofumba. Nikaona shavu lake likitabasamu. Kisha akakasirika upya, nafikiri alikasirikia lile tabasamu.

Jumatano, 17 Julai — Huruma

Nyumbani. Nthoki hataki kuniachilia shingo. Waithera anauliza Bombay kukoje. Nimemwambia kuna maji.

Munyoki hajaenda bandani. Ati ana homa. Nikamuuliza kama ni ile ya manjano. Hakucheka. Wamemtumia ujumbe mara mbili leo. Kesho watakuja wenyewe, najua. Nikisikia viatu kwenye ngazi nainuka.

Alhamisi, 18 Julai

Walikuja. Munyoki aliwaambia atasema Jumamosi, mbele ya wote. Wakaondoka wakifurahi! Wanafikiri anawaficha habari njema.

Jumamosi, 20 Julai — Gikomba

Niko nje ya banda, nimekaa juu ya gogo. Wanawake hawaingii kwenye kikao. Wao wako ndani, ukuta ni mabati, nasikia kila kitu. Naandika ili mikono isikae bure.

Munyoki amesoma majina manne. Halafu vurugu! Mmoja anasema si tulisema huyo mwanamke asipande ndege. Mwingine anataka barua iandikwe leo, Kapadia aambiwe mama yule hakuwa na ruhusa ya kutia sahihi. Mwingine: wanne wachukue oda, sisi wengine tupige msasa, tuwe vibarua wao, ndivyo mnavyotaka? Nilitaka kukimbia mpaka stendi. Lakini nikamsikia Munyoki, sauti juu, mara ya kwanza tangu Bombay: "Rangi ilikuwa shauri letu sote. Mimi ndiye niliyesema aandike mpingo. Msimtwike mke wangu." Nimelia hapa kwenye gogo. Siku tano nilikuwa nangoja kitu kama hicho.

Jina la Mzee Nyamai halimo, na hajauliza.

Ametoka sasa hivi. Nilidhani anakwenda nyumbani. Amekuja kwangu moja kwa moja, ana kitu amekifunga kwenye gunia. Ni ndovu, mpya, mti mtupu, hana tone la rangi. Amemweka mapajani mwangu.

"Nimemchonga mlipokuwa huko. Mwangalie vizuri, Mama Nthoki. Kisha uniambie kama yule Mhindi angemchukua. Na usinihurumie."

Amekwenda kunawa mikono bombani. Namgeuza. Mkonga umekaa sawa. Masikio sawa — lo, masikio yamelingana! Mgongo ni mzima, nimepitisha kidole mara mbili, hauna ufa. Miguu minne ya mti mmoja. Nilikuwa karibu kumwita Munyoki atoke aone.

Nikamgeuza tumbo juu. Kati ya miguu ya nyuma, mahali ambapo mnunuzi hatazami, kuna ufa uliojazwa unga wa mbao na gundi. Haijakauka. Kidole changu kimenata.

Mzee amefunga bomba. Anarudi, anajifuta mikono kwenye suruali.