Patasi Zinazoangalia Ukuta

Shemeki,

Leo nimeshika patasi yako ndogo, ile yenye upana wa ukucha wa mutoto, na hakuna muntu aliyenikataza. Ndiyo maana nakuandikia. Mbele ya leo singeweza, kwa sababu barua ya namna hii inaandikiwa muntu aliyekufa, na kwa muke wako, dada yangu, weye ulikuwa umetoka kidogo tu.

Asubuhi ile waasi waliingia atelie yetu ya mbao hapa Rugenge, Uvira, wakitafuta fundi wa kutengeneza vitako vya bunduki vilivyovunjika. Wakakuchagua weye. Ulibeba musumeno, nyundo na randa. Vyombo vidogo vya kukata ukaviacha kwenye kibao chako cha ukutani. Ukaniambia, "Hivi haviendi vitani. Narudi, shemeki, usivisogeze." Halafu masoda, askari wa serikali, wakarudi, waasi wakapanda milimani, na weye hatukukuona tena. Mumoja akasema uko Bijombo, huko juu milimani. Mwingine akasema ulizikwa na wengine kwenye barabara ya Fizi. Mwili haukuletwa, kwa hiyo kilio hakikuwekwa.

Unajua desturi yetu sisi mafundi. Fundi akifa, vyombo vyake havishikwi hadi siku ya kumaliza kilio, ndipo ndugu wanagawana. Dada akaigeuza hiyo desturi kichwa chini: visipogawanwa, mwenyewe yuko hai. Akaniambia nitumie vyangu.

Vyangu unavijua, ulivicheka miaka yote. Na hapo Uvira nzima iliyokimbia vita ilikuwa inarudi, wengine kutoka Bujumbura, wengine kutoka vichakani, wanakuta nyumba hazina milango wala madirisha. Kazi ilijaa. Minye natoboa tundu la kufuli kwa patasi kubwa, kama muntu anayekula ndagala, samaki wadogo hivi, kwa sururu. Na ukutani, mbele ya macho yangu, kile kibao chako cha muvule: kila chombo na tundu lake, vidogo upande wa kushoto kwa sababu ya mukono wako wa kushoto, makali yote yameangalia ukuta. Ulikuwa ukisema, "Makali yasikuangalie usoni, yatakuzoea." Nilikuona muntu wa maneno mengi tu.

Siku moja nilishindwa. Nikachukua patasi moja, nikamaliza dirisha, nikaisahau juu ya meza. Kesho yake nimefungua, iko ndani ya tundu lake, makali kwa ukuta, inang'aa mafuta. Nikajiambia ni kichwa changu kimechoka. Nikaiacha tena mezani kwa kusudi. Ikarudi tena. Shemeki, sitakuficha, niliogopa. Nikaanza kupiga hodi kwenye atelie yangu mwenyewe, minye muntu muzima mwenye ndevu.

Kumbe alikuwa dada. Nilifika mapema nikamukuta na kitambaa na chupa ya mawese, anapangusa kimoja kimoja. Mawese kwenye chuma! Weye ulitumia mafuta ya motere ya gari, unajua mawese yanaganda na kuita siafu. Nikataka kumuambia. Akasema bila kugeuka, "Anapenda vikae hivi." Nikaenda kunoa musumeno usiohitaji kunolewa.

Lakini kumuona hakukuniondolea woga. Sababu woga haukuwa kwenye patasi tu. Nikisimama mezani naacha nafasi upande wa kushoto ili viwiko vyetu visigongane. Nanyoosha mukono nipewe kitu, na mukono unabaki hewani. Wateja wananiangalia. Nawaambia nanyoosha mugongo, na wao wana adabu, wanakubali.

Halafu juma lililopita mufugaji mumoja ameshuka kutoka Bijombo. Alikuwa na randa yako ndani ya gunia. Akamuambia dada kwamba ulifika kwao umewatoroka waasi, una homa kali, ukawatengenezea mulango wa zizi huku unatetemeka, na kwamba walikuzika vizuri, kwa maombi na nyimbo. "Alikuwa anapiga randa kwa kushoto," akasema. Dada aliipokea ile randa, akamupa mugeni bugali na samaki mukeke, akakaa naye hadi akamaliza kula. Hakulia. Minye nilitoka nje nikalia nyuma ya rundo la mbao.

Leo asubuhi ameingia atelie. Akaenda moja kwa moja kwenye kibao chako, akachomoa ile patasi ndogo, akanipa mukononi. Akasema, "Unitengenezee mulango."

Unapaswa kujua hili, shemeki. Masoda walipoupiga teke mulango wa nyumba yenu ukavunjika, minye nilitaka kuweka mwingine mara moja. Dada alikataa. Mvua, baridi ya ziwa, wezi, yote aliyavumilia na kitenge kimetundikwa hapo, ili ukirudi usihangaike kugonga. Na minye fundi mbao, jirani wananicheka kwamba dada yangu analala nyuma ya nguo.

Nikamuuliza, "Na komeo?" Akasema, "Uiweke ndani."

Nimeutengeneza kwa vyombo vyako. Kabla ya kuanza nilivisugua kuondoa siafu na mawese, nikavinoa vyote, na havikunikata. Jioni nimeutundika. Nilikuwa bado naokota misumari kwenye kizingiti wakati dada aliponiambia asante, akaingia, na nikasikia komeo ikifunga. Imefunga vizuri, shemeki. Nimeichukia kazi ya mikono yangu.

Jumamosi tutaweka kilio chako na kukimaliza siku hiyo hiyo. Ndugu watakuja wachukue vyombo, kila mumoja chake, na nitamuonyesha kila mumoja namna ya kuvilaza, makali kwa ukuta. Pumzika huko mulimani kwa watu waliokuimbia. Na kama siku moja utashuka, nakuomba sana, usigonge kwake, mwache alale. Pita kwangu atelie. Minye sitafunga.

Shemeki wako