Gundi ya Dakika Tano

Jumanne. Jua limewaka tangu asubuhi, ziwa limetulia kimya kule chini ya Pasiansi, na hata huo utulivu wake unaniudhi.

Nimeosha mikono mara tatu na bado inanuka oili. Nimekaa kibarazani na simu, naandika kabla sijamjibu mtu vibaya.

Gari la Mwalimu limerudi gereji likivutwa. Mwalimu ni mteja wetu, Mhaya anayefundisha sekondari hapa mjini, mtu mpole wa maneno machache. Gari aliachiwa na marehemu kaka yake, na si la kawaida: injini yake haina pistoni. Ndani kuna pembetatu ya chuma inayozunguka kwenye ganda lake, basi. Fundi fulani wa zamani aliyachimba matundu ya kuingiza hewa, yaliyo kwenye mabamba ya pembeni ya ganda, yakawa makubwa, ili likimbie kama la mashindano. Matokeo yake likawa linakunywa mafuta hovyo na kuzimazima likienda polepole. Mwalimu alitaka tuyazibe matundu yarudi ukubwa wake, aende nalo Bukoba kumwona mama yake. Hakutaka kingine.

Kuziba kwenyewe ni kwa gundi ya chuma, na hapo ndipo tulipoharibu.

Kuna gundi mbili. Moja ipo kila duka la vipuri. Unachanganya mirija miwili, dakika tano imekauka. Inafaa sana kwa tenki lililotoboka, lakini ikipata moto wa injini inalainika. Nyingine, niliyoisoma chuo cha ufundi, inastahimili moto. Hiyo tunaagiza Dar, inakaa siku nzima ndipo ishike, kisha chuma chenyewe kinaokwa taratibu ili ikomae. Nilishaongea na mama mmoja jirani anayeoka mikate. Alikubali kunipa tanuri lake la zamani Jumapili baada ya ibada, akacheka mpaka akakaa chini.

Baba mdogo, mwenye gereji, alikataa. Alisema ameziba injini za mitumbwi kwa gundi ya dakika tano tangu sijazaliwa, na injini si mkate. Aliyasema mbele ya Mwalimu. Mwalimu akanigeukia, akaniuliza mimi naonaje.

Kwetu mkubwa hakosolewi mbele ya mteja. Unamvuta pembeni baadaye. Nikajibu kwamba baba mdogo ameshasema.

Baadaye sikumvuta pembeni. Nilichukua mirija nikachanganya.

Leo tumeshusha injini na kuifungua. Kipande cha gundi kimebanduka, kimeingia ndani, kimevunja siili inayoziba ncha ya pembetatu na kuchora mfereji kwenye ganda. Ukipitisha kucha unausikia. Ganda kama hilo hapa Mwanza halipo. Gari lilizimia Usagara, njiani kwenda Bukoba, hata Kigongo halikufika.

Mwalimu alipoingia saa nane, baba mdogo alifuta mikono yake vizuri, akamwambia, "Gundi alichanganya huyu binti, Mwalimu. Si unawajua watoto wa chuo, vipimo vyao viko kwenye daftari."

Damu ilinipanda kichwani. Huyu ndiye niliyempa shikamoo asubuhi, niliyekula kwake miaka sita, na amenitupa bila hata kupepesa macho! Kumbe mkubwa ndiye asiyekosolewa mbele ya mteja. Mdogo anachinjwa hapo hapo, na watu wanaendelea na kazi zao.

Nikavunja mwiko. Nilimwambia, "Kweli nilichanganya mimi, Mwalimu. Lakini nilijua haitashika. Nilitaka tuagize ile inayostahimili moto, baba mdogo akakataa."

Baba mdogo akageukia boksi la spana, akawa anatafuta kitu ambacho hakipo. Nakiri nilifurahi. Nilisubiri Mwalimu amshukie yeye, na nilikuwa nimejiandaa kusikia kila neno.

Mwalimu aliinama, akapitisha kidole kwenye ule mfereji, akakipitisha tena. Kisha akanitazama mimi.

"Mzee aliamini anachokisema, Minza. Wewe ulijua, na nilikuuliza."

Akaaga kwa adabu, akaondoka kwa miguu.

Tangu saa nane najaribu kumkasirikia na yeye. Namtafutia kosa. Kwamba angeuliza mara ya pili, kwamba angenisoma usoni. Nashindwa. Hasira inanirudia mwenyewe, kisha inaenda tena kwa baba mdogo, kisha inarudi. Niliita ule ukimya heshima. Heshima gani hiyo, inayomwachia mtu gari la marehemu kaka yake limekufa barabarani?

Kesho naanza kupiga simu Dar kutafuta ganda. Nikilipata nitaziba matundu kwa gundi inayotakiwa, hata kama itabidi niifanye kazi hiyo nje ya gereji hii.

Ila sijui kama atakubali niliguse tena gari lake.