Kigari Kilichochaguliwa Kabla Hatujafika

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limeandikwa kwenye jalada, mtaani anaitwa Dada Pasi
Umri: miaka arobaini na mmoja
Kazi: dobi, ana duka lake
Makazi: chumba cha nyuma ya duka hilohilo, mkabala na kituo cha zimamoto
Uhusiano na mtuhumiwa: dada yake mkubwa

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu na hasira kiasi. Afande anayeandika ameniambia hasira haihitajiki kwenye karatasi. Nimemwomba aiandike hivyo hivyo, kwa sababu nisipoisema sasa itachomoza yenyewe huko mbele, halafu mtasema nilikuwa naificha.

Mtuhumiwa ni mdogo wangu, tumbo moja. Mama yetu alifariki yeye akiwa darasa la tano na mimi ndiye niliyemlea. Anafanya kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno. Ana ujauzito wa miezi minane, ndio wa kwanza. Yeye na mumewe wanaishi ghorofa ya tatu ya jengo lenye duka langu. Lifti hakuna, na ngazi ni nyembamba, watu wawili wakikutana mmoja lazima arudi alikotoka.

Mlalamikaji ni mama mkwe wake. Upande wetu tunamwita Mama Utaratibu, maana hata akipiga chafya lazima akwambie ina utaratibu wake. Anaishi peke yake kwenye nyumba yenye geti na ua mpana. Sina ugomvi naye wa zamani. Simpendi tu.

Leo Jumamosi, tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi, mdogo wangu alishuka dukani kwangu akaniambia wanakwenda kuchagua kigari cha mtoto, yeye, mumewe na mama mkwe, na angependa niwepo. Nilimuuliza mama mkwe anakuja kufanya nini. Akajibu, "Dada, naomba leo usianze." Nikazima pasi nikafunga duka. Tulikwenda na gari lao dogo, yeye na mumewe mbele, nami nikakaa siti ya nyuma. Mama Utaratibu tulimkuta mlangoni mwa duka la vifaa vya watoto, amekuja na gari lake, na amekumbatia kitu kilichofunikwa shuka la mtoto.

Kitu hicho kilikuwa mfuko wa unga wa ngano. Aliuviringisha vizuri kwenye shuka na juu akauvisha kofia ya sufu. Alisema huwezi kununua kigari kikiwa kitupu, lazima ukijaribu na uzito wa mtoto ndipo ujue kama kinayumba. Wazo lenyewe silikatai. Nililokataa ni kwamba alikuwa akiubusu. Kila kigari alichouweka alisema, "Haya mjukuu wangu, unaonaje hapa?" kisha akakisukasuka na kuinama kusikiliza, kana kwamba unga utamjibu.

Mdogo wangu alikuwa amekwisha kukiona anachokitaka. Ni chepesi, kinakunjika kwa mkono mmoja, na kina mkanda wa kukitundika begani. Alikikunja akakitundika begani na lile tumbo lake, akatembea nacho hadi kwenye vioo na kurudi. Alifurahi sana. Aliniambia, "Dada, hiki nakipandisha mwenyewe hadi juu, simsubiri mtu." Nami nilifurahi.

Mama Utaratibu hakukigusa. Alisema kina miguu ya panzi. Akaenda moja kwa moja kwenye kigari kikubwa cheusi cha seti, kile ambacho kiti chake kinachomoka kikawa kiti cha kwenye gari. Muuzaji, msichana mwenye fulana ya duka, alitueleza kwamba kiti hicho hupachikwa juu ya kitako, na kitako hufungwa kwenye siti ya nyuma ya gari na kubaki humo. Ukifika unapokwenda unachomoa kiti pamoja na mtoto, unakipachika juu ya fremu, unaondoka hata bila kumwamsha. Ni kitu kizuri, sikatai. Lakini nilijaribu kukiinua nikakiteremsha haraka. Nabeba marundo ya mashuka yaliyoloa kila siku, na kile sikiwezi kwenye ngazi zetu.

Mdogo wangu alisema, "Mama, hiki kizito. Mimi nitakipandishaje?"

Mama Utaratibu alijibu, "Mchagua jembe si mkulima. Chukua hiki tuondoke."

Methali hiyo naijua tangu shule. Wakati huo sikujua kwamba aliyechagua jembe ni yeye, na alilichagua zamani.

Kuhusu shemeji yangu, mume wa mtuhumiwa: ni mtu wa kuafiki. Ukimwambia maji yanapanda mlima atakuuliza yanafika saa ngapi. Muda wote huo alisimama upande wa mama yake akisoma kibandiko cha maelezo, na kila mkewe alipomtazama aligeuza kibandiko upande wa pili.

Muuzaji alishauri tutoke nje tujaribu kile kiti kwenye gari kabla ya kulipa. Alielekea kwenye gari dogo. Shemeji akamwambia, "Si hilo. Hili hapa," akaonyesha gari la mama yake.

Muuzaji alifungua mlango wa nyuma. Kitako kilikuwa kimo ndani. Kimekazwa sawasawa, mikanda imepita inapotakiwa kupita, hata nailoni yake ilikuwa imeshabanduliwa. Yule msichana hakuwa na habari, Mungu ambariki. Alifurahi kwa niaba yetu. Alisema, "Aa, kumbe kitako mnacho tayari! Basi hapa hamna la kuchagua, ni kile kikubwa tu. Vingine havipachiki hapa."

Kiti kikaingia, kikalia ka!

Mdogo wangu aliuliza, "Hiki kimewekwa lini?"

Shemeji aliangalia matairi.

Mama Utaratibu alisema, "Wiki jana. Kila kitu kina utaratibu wake."

"Na kwenye gari letu?"

"La kwenu la nini? Mtoto atakaa kwangu. Wewe ukimaliza likizo unarudi kliniki, huyu mwenzio haishi safari. Chumba nimeshapaka rangi. Nyinyi mtakuwa mnakuja Jumamosi na Jumapili kumwona."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekuelekeza choo kilipo. Mdogo wangu alimgeukia mumewe akamuuliza, "Wewe ulikubali?"

Akasema, "Si tulikuwa tunaongea tu."

"Mliongea na nani? Mimi mbona sikuwepo?"

Mimi nilifungua mdomo, naye mdogo wangu akanyoosha kiganja kunizuia bila kunitazama. Nilinyamaza. Afande, kwangu mimi kunyamaza ni kazi kuliko kupiga pasi suti ya kitani, na ninaomba hilo lihesabiwe.

Mama Utaratibu alichomoa kiti akakirudisha kwenye fremu, akautia unga wake humo, akasema turudi ndani tulipie kwa sababu jua kali. Tulirudi. Karibu na kaunta mdogo wangu alishika mpini wa kigari akakisimamisha. Aliinama taratibu, akautoa ule mfuko wa unga pamoja na shuka na kofia yake, akamkabidhi mama mkwe wake kwa mikono miwili, kwa adabu zote. Akamwambia, "Mama, atakayekaa kwako ni huyu. Wangu atakaa kwangu."

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Nami nilicheka, sitaki kudanganya. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo, kwa sababu shemeji yangu anaweza kuvumilia mkewe kunyang'anywa mtoto, ila hawezi kuvumilia mama yake kuchekwa.

Sasa naeleza jinsi ilivyokuwa, na ninaomba liandikwe neno kwa neno. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya kigari, mikono kwenye mpini. Shemeji alikuwa mbele. Mama yake alikuwa ubavuni kwake, ameukumbatia unga. Shemeji alisema, "Usimdhalilishe mama yangu!" akashika upau wa mbele, ule ambao mtoto huushikilia, akavuta. Mdogo wangu hakuachia. Shemeji akavuta tena kwa nguvu zake zote, akikipeleka upande aliosimama mama yake. Mdogo wangu akaguna, akaachia mpini, akashika tumbo. Kigari kilikwenda kilikovutwa. Gurudumu la mbele lilimpiga mama mkwe kwenye muundi wa mguu, akaanguka, na kiwiko chake kikagonga ukingo wa rafu ya chupa za maziwa. Upau ulibaki mkononi mwa shemeji, umeng'oka upande mmoja.

Nilisikia mfupa. Nitasema na hili pia: unga haukumwagika. Alianguka ameukumbatia, wala hakutoa mkono kujikinga. Hapo nilimwonea huruma. Haikudumu.

Haikudumu kwa sababu akiwa palepale sakafuni alisema, "Kanisukumia kigari! Mmeona wenyewe, kanisukumia!" Kisha akamtazama mwanawe akamuuliza, "Si umeona?"

Shemeji yangu alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, akautazama upau. Akasema, "Nimeona."

Mdogo wangu alikaa kwenye kiti cha kujaribia cha kunyonyeshea, kina bei yake bado, akamtazama mumewe kama mtu anayejaribu kukumbuka waliwahi kuonana wapi. Mama Utaratibu akaongeza, mlinzi wa duka na watu wote wakisikia, "Mwanamke wa namna hii ndiye wa kuachiwa mtoto mchanga?"

Ndiyo maana nimekuja hapa bila kuitwa. Mkono wa mama mkwe utapona, lakini mdogo wangu akifunguliwa kesi ya kujeruhi, chumba kilishapakwa rangi na kitako kipo garini. Itakuwa mtoto anatoka leba na kupelekwa getini, na kila atakayeuliza ataambiwa mama yake ana kesi.

Nimeulizwa kama mtuhumiwa alikisukuma kigari. Jibu: hapana. Nimeulizwa mikono yake ilikuwa wapi mlalamikaji alipoanguka. Jibu: tumboni. Nimeulizwa kama nasema hivi kwa kuwa ni ndugu yangu. Jibu: angekisukuma ningesema amekisukuma, na ningeongeza kwamba amechelewa.

Afande ameniomba niondoe sentensi hiyo ya mwisho. Nimekataa.

Mlinzi alipiga simu. Mama Utaratibu alibebwa kwa machela kwenda hospitali, na askari wawili walimchukua mdogo wangu. Nilirudi kaunta kumchukulia mkoba wake. Hapo ndipo nilipomkuta shemeji. Mama yake yuko kwenye machela, mkewe yuko kwenye gari la polisi, yeye yuko kwenye foleni. Alikuwa ameubandika upau tundani mwake na anaugonga kwa kiganja ukae. Muuzaji alimwambia, "Kaka, hiki kimeharibika, ndio cha mwisho. Subiri vingine wiki ijayo." Yeye akamjibu, "Nipe hiki hiki. Ndicho kinachoingia kwenye kitako. Huu upau nitaufunga mwenyewe."

Nilichukua mkoba nikaja hapa kituoni.

Niliyoyaeleza ni niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu leo dukani. Nimesomewa yote, nimesahihisha pale palipoandikwa "kigari kilisukumwa" pakawa "kigari kilivutwa", na ninatia saini nikijua kwamba nikisema uongo sheria itanibana.

Saini ya shahidi: (imetiwa)

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa, isipokuwa matusi matatu, ambayo shahidi alikubali yaachwe baada ya mabishano.

Wakati shahidi akisomewa, mume wa mtuhumiwa alifika kituoni kuandikisha maelezo yake, kwa miguu, akikisukuma kigari husika kwa kuwa hakikuenea kwenye buti la gari dogo. Nimekikagua mbele yake. Upau wa mbele umeng'oka kwenye tundu la kulia, na plastiki imepasuka kuelekea mbele, upande wa anayevuta. Kuna uzi wa viatu umefungwa hapo. Nilimuuliza nani alikuwa ameushika upau huo. Aliinama akakaza uzi. Nilimuuliza mara ya pili, akasema angependa kwanza ampigie mama yake simu.

Kigari kimechukuliwa kuwa kielelezo cha ushahidi. Mtuhumiwa hajafunguliwa shitaka. Ameruhusiwa kwenda nyumbani na dada yake, kwa hali yake, hadi atakapoitwa.

Mume alilalamika kuhusu kielelezo. Aliniuliza kitarudishwa lini, kwa sababu mtoto anatarajiwa mwezi ujao na hawatakuwa na cha kumbebea. Kabla sijamjibu, mkewe, aliyekuwa anainuka kwenye benchi kwa kushikilia bega la shahidi, alisema, "Atabebwa na mama yake."

Koplo wa zamu, saini: (imetiwa)