Hata Mahari Niliandika

Kizingitini,
11 Juni

Kaka yangu mpenzi Abubakr,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta huko Mombasa na afya njema, na lile goti limepoa. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Mpwa wako Hayat amepata nafasi chuo cha uuguzi, anaanza Septemba.

Tangu nitoke edani mwaka jana nilikuwa na hofu moja. Kufuatilia mirathi ya marehemu Mahmud benki, ilibidi nichukue namba ya kodi, na mwenye namba hutakiwa kueleza mapato yake kabla ya Juni kwisha. Nikaona fungu langu, ambalo ndilo karo ya Hayat, litamegwa. Lakini marehemu, unamkumbuka, kambamti aliyemvua baharini akivunjika mguu, alikuwa akimwambia mnunuzi kabla hajaulizwa. Nami sikutaka kuficha.

Nikaandika kurasa mbili, nikampelekea Bi Bochaberi mwenye saiba, anayewajazia watu fomu za kodi kwenye kompyuta. Niliandika mirathi, rambirambi, pesa unazonitumia, mkono wa Idi, nilizotuzwa harusini, hata mahari. Alicheka mpaka akavua miwani, akaniuliza kama serikali nayo ilialikwa harusini. Kisha akanieleza taratibu kuwa kinachotozwa ni mshahara, faida ya biashara, pango la nyumba na mfano wa hayo. Urithi na zawadi za jamaa hazimo. Karo imesalimika! Nilimwombea dua mpaka akanikumbusha kuwa wateja wanangoja.

Ndipo akauliza kama nina mpangaji. Nikasema sina, nina mgeni tu. Akauliza kama mgeni huyo hutoa chochote kila mwezi.

Kaka, nisamehe. Katika chumba chako cha juu, ulichokijenga mwenyewe na nilichokuambia kimefungwa, anakaa Mwalimu Cherotich tangu muhula wa mwisho wa mwaka jana, na hulipa. Si kwa dhiki. Nyumba ilikuwa kimya mno. Sasa asubuhi nikisikia mtu anatembea juu, nateleka chai ya watu wawili.

Bi Bochaberi anasema pango lazima liandikwe, na kwa kuwa chumba ni chako, mapato ni yako. Basi nimekufanya mwenye nyumba bila kukuuliza. Pesa zako zipo, ila zile nilizonunulia pazia la chumba. Ukitaka ahame, uje umwambie mwenyewe. Mimi sitaweza, juzi tu ndiyo amejua kukaanga mahamri.

Nijibu upesi. Wifi na watoto wote nawasalimu sana, na Hayat anakubusu mkono.

Dada yako,
Umi