Dadu ilitoka mbili, nikamwambia mama mkwe ni sita

Shangazi mpendwa,

Nimekwama na naomba msaada wako, ila tafadhali usinicheke mapema, nicheke ukishamaliza kusoma, maana najua jambo lenyewe kwa juu juu ni la kitoto. Mimi ni mwanamke wa makamo, nimeolewa, mchana nafanya kazi kwenye duka la kuchapa kadi na vipeperushi, na muda wangu mwingine wote natunga michezo ya mezani, si karata wala bao, ni ile ambayo watu wanne watano wanaketi, kila mmoja anajifanya mtu mwingine kabisa, mimi nasimulia walipo na kinachowakuta, wao wanasema wanafanya nini, na pale ambapo hakuna anayejua kitakachotokea tunarusha dadu. Vijitabu vya kanuni naviandika mwenyewe, nachora ramani mwenyewe, nabana kwa stepla mwenyewe, na kuna watu wa miji nisiyowahi kukanyaga wanaovinunua na kuniandikia kwamba wamelia kwa ajili ya mtu niliyembuni nikiwa namenya viazi, jambo ambalo mpaka leo sijalizoea.

Mchezo wangu mpya ni wa mji ulio chini ya ardhi ambao taa zake zinazimika moja moja, na watu wake wanatafuta njia ya kutokea juu. Kila Jumamosi mchana tunaujaribu kwenye chumba cha nyuma cha duka, kati ya marundo ya karatasi na mashine ya kukatia, mimi, mume wangu, dobi wa jirani na mfamasia mmoja ambaye mdomo wake haujui likizo. Siku moja mume wangu akapata safari, tukawa pungufu, nikamwomba mama mkwe atushikie nafasi. Shangazi, huyu mama tunaishi naye tangu baba mkwe alipofariki, na maneno yake tangu hapo ni "ndiyo", "hapana" na "asanteni" basi. Baba alipokuwa hospitali, mume wangu na ndugu zake waliona tusimshtue mama, tukawa tunamwambia anaendelea vizuri, atarudi tu, hata asubuhi ile ya mwisho tulimwambia abaki nyumbani apumzike, na tulifanya hivyo kwa nia njema kabisa, lakini toka hapo amekuwa mtu wa kutazama dirisha.

Basi nikampa achague awe nani, akachagua mbeba taa, nafasi ambayo hakuna anayeitaka kwa sababu hana silaha, kazi yake ni kutangulia gizani. Dobi akamtania, "Haya mama, huko mbele kuna nini?" Nilitegemea atanigeukia mimi nimjibie. Akainua mkono kama ameshika taa kweli, akasema, "Kuna ngazi. Zimelowa. Shikaneni mikono, na anayeogopa aje karibu yangu." Zile ngazi sikuziandika popote, lakini wote tuliziona, mfamasia akanyamaza, ndiyo, mfamasia, na dobi, mwanaume mzima na mikono yake ya sabuni, akanyoosha mkono ashikwe! Nimetunga kwa miaka mingi nikidhani najua ninachokifanya, kumbe nilikuwa nachora milango tu, sijawahi kuona mtu akiifungua na kuingia. Akawa haachi Jumamosi hata moja. Tukirudi nyumbani ananiuliza njiani lango la tatu limefungwa na nani, ananisimulia kazi yake ya zamani ya kuunganisha simu za watu, na mume wangu aliporudi safari akamkuta mama yake anacheka jikoni, akatoka kwenda kusimama uani ili tusimwone machozi, na Jumamosi iliyofuata akarudi mezani naye.

Tatizo ni lango la mwisho. Kanuni niliiandika mwenyewe na nikajivunia: msimulizi arushe dadu nyuma ya ubao wa kadibodi, ikitoka chini ya nne mbeba taa anabaki hapo awamulikie wenzake wapite, na habari yake inaishia langoni. Jumamosi iliyopita tukafika. Kabla sijarusha, mama akaanza kuwaaga. Akamwambia dobi na mfamasia, "Msigeuke. Mkiona vivuli vyenu mbele yenu, mjue taa bado nimeishika." Akamgusa mwanawe shavu, akasema, "Na wewe tangulia, usinisubiri." Nikarusha. Mbili. Nikaitazama ile mbili, nikamtazama mama, mdomo ukafunguka wenyewe, "Sita!"

Watu wakaruka kwa shangwe, mfamasia akapiga meza mpaka karatasi zikamwagika. Mama akanitazama, akasema "Haya", akakunja karatasi yake ya mbeba taa, akaitia kwenye mkoba. Toka siku hiyo tumerudi kwenye ndiyo, hapana na asanteni. Labda amechoka, labda anaumwa, sijui. Watunzi wenzangu kwenye kundi letu la simu wamegawanyika, hawa wanasema msimulizi ana haki ya kuficha dadu ili kulinda furaha ya meza, wale wanasema mtunzi anayevunja kanuni yake mwenyewe akichome kijitabu, wametukanana mpaka wawili wamejitoa. Nikisema ukweli namuua mtu aliyemrudishia mama sauti, nikinyamaza namtazama akizama tena. Nifanyeje?

Mtunzi wa Gizani

*

Mtunzi wa Gizani,

Sikukucheka. Nilikuwa nimejiandaa, nakiri, lakini nilipofika kwenye zile ngazi zilizolowa nikaweka kikombe changu chini na sikukigusa tena. Meza hii hupokea barua za wakwe wanaosema kupita kiasi. Wewe ni wa kwanza kuniletea wa kimya, na nimekaa hapa nikimstaajabia kama ninyi mlivyomstaajabia.

Sasa nikugombeze kidogo. Hivi, binti yangu, barua yako umeisoma kabla ya kuituma? Jibu umeliandika mwenyewe, ukalipita mbio. Mume wa huyu mama alikuwa anakufa, ninyi mkamwambia anaendelea vizuri. Mkamnyima kumuaga, kwa nia njema yenu hiyo. Jumamosi iliyopita, kwa mara ya kwanza, alipata mlango, akapata watu, akapata na maneno, akaaga kama inavyopaswa. Kisha ukamwambia anaendelea vizuri. Hiyo ndiyo sita yako.

Haumwi. Anajua. Mtu aliyedanganywa na nyumba nzima kwa upole, unadhani haujui uso wa mtu anayemficha kitu?

Na hilo kundi lenu la watunzi liambie lipumzike. Wanagombania haki ya msimulizi na furaha ya meza, na sijaona hata mmoja aliyeuliza mama mwenyewe alitaka nini. Wala usijidanganye kwamba mbeba taa ndiye aliyemrudishia sauti. Aliulizwa huko mbele kuna nini, na watu wakangoja jibu lake. Nyumbani kwenu nani amewahi kumuuliza hivyo? Dobi amewashinda wote.

Fanya hivi, na usingoje Jumamosi. Leo hii kaa naye, umwambie, "Mama, ilitoka mbili." Usiweke "lakini". Usimweleze ulivyompenda, anajua. Mume wako awe hapo hapo, asijifanye ana kazi uani, kwa sababu naye ana mbili yake ya siku nyingi ambayo hajaitaja, na ni ya baba yake. Aiseme kwa mdomo wake, asikutume wewe. Mama akilia, mwacheni alie. Akiwafokea, pokeeni, mnastahili. Akinyamaza, osha vyombo karibu yake na usiharakishe.

Akikubali kurudi mezani, rudini lango lile lile. Usirushe upya, ile mbili ni yake. Ubao wa kadibodi uutoe kabisa, na kwenye kijitabu ufute maneno "nyuma ya ubao", uandike kwamba dadu ya lango la mwisho inarushwa na mbeba taa mwenyewe, mbele ya wote. Utaona hao watu wa miji ya mbali watakuandikia nini.

Halafu ninyi wengine mlivuke lango, na mtu asigeuke. Mkishafika juu, usimkimbilie na karatasi mpya wala kumtafutia nafasi nyingine. Dobi amuulize tena kama siku ile ya kwanza, "Mama, huko ulikobaki kuna nini?" Na msimjibie, kama ulivyomjibia kwa ile sita.

Shangazi