Mwito wa Amos Handakini

Nyumba ya Handaki,
Bonde la Hallow,
Derbyshire.
11 Novemba 1806

Mpendwa kaka Josiah,

Hujambo huko Philadelphia? Wifi hajambo? Kile kifua chako kimepona? Sisi tupo, tunakula na tunalala.

Bonde ulilolijua halipo tena. Tangu mfereji ufike, makaa ya mawe huletwa kwa mashua, matanuri ya chokaa hayazimwi, na kwenye malisho yetu ya kondoo pamesimama kiwanda cha kusokota pamba. Mashua moja hubeba mzigo wa farasi mia mbili. Nani angemtaka baba na farasi wake kumi na wawili? Aliwauza, akawa msukuma mashua handakini, mfereji unapopenya chini ya kilima.

Mle hamna njia ya farasi. Wanaume wawili hulala chali kwenye ubao uliokingamishwa juu ya mashua, mmoja huku na mwenzake kule, wakaitembeza mashua kwa kukanyaga kuta. Farasi avutaye mashua nampitisha mimi juu ya kilima. Anayetaka kupumzika huita, “Miguu!” ili wote walegeze pamoja. Mmoja akiendelea, mashua huyumba ikamtupa majini.

Kaka, baba amefariki. Leo ni wiki ya tatu. Sijalia, wala sijui kwa nini.

Lawama zote zilimwangukia Amos Tunnicliffe, mwenzake wa ubaoni. “Alilegeza kimyakimya, akamwacha mzee wa watu azame!” ndivyo walivyosema kilabuni. Mkewe akanyimwa hata kijinga cha moto.

Lakini mimi nilikuwa juu, kando ya shimo la hewa lishukalo hadi handakini. Nilimsikia Amos akiita, mara mbili. Baba ndiye hakusikia. Masikio yake yaliharibika zamani kwa baruti za machimbo, nasi tukaficha, maana kiziwi haruhusiwi handakini.

Wenye mfereji walisema kosa lisipokuwa la baba, mama atabaki na nyumba. Basi akaniambia, “Thirza mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite. Mzee keshakwenda. Sisi tutalala wapi?”

Hakimu alipokuja kuchunguza kifo, nilisimama nikasema yote. Amos alilia mbele za watu. Mimi nilikuwa nimekufa ganzi, nikahesabu vifungo vya koti la hakimu.

Jumamosi tunahama. Nimepata kazi kiwandani, na chumba kwa shangazi Dorcas.

Shangazi anakusalimu sana. Nibusie wifi na Hester mdogo. Mungu awafunike kwa mkono wake. Salamu za mama sina, kaka. Tangu siku ile hajanisemesha.

Ni mimi dada yako, nikupendaye,
Thirza