Baba Yako na Muumishi

Temeke,
9 Juni 1974

Mwanangu Mwajabu,

Nakusalimu, na wanafunzi wako huko Singida nao wasalimie. Sie tupo. Kuku wako katotoa vifaranga sita, mwewe kachukua wawili.

Baba yako tangu apooze, mguu umeanza kumtii, anafika msalani mwenyewe. Lakini kichwa, mwanangu, hakimtii mtu! Daktari kampa vidonge vya kulainisha damu isigande tena, akatuonya hata wembe wa ndevu tuuogope. Juzi natoka foleni ya sukari duka la ushirika, namkuta baba yako mdogo Mfaume kaleta muumishi na pembe zake, keshamchanja baba yako mgongoni, eti atoe damu mbaya. Damu ikagoma kukatika. Kanga mbili zililowa, tukamkimbiza hospitali.

Kitandani ananiambia, "Umeona ilivyokuwa nyingi? Ndiyo iliyonipoozesha hiyo."

"Mume wangu, ni vidonge! Ukiwa navyo huchanjwi!"

"Basi naviacha vidonge."

Na Ijumaa ya mwisho wa mwezi anataka aumikwe tena. Nikilia, anacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Mwandikie wewe uliyesoma, barua ifike kabla ya Ijumaa hiyo. Usimbembeleze, mkaripie kama mwanafunzi mtoro, dhambi yake niachie mie. Ukali wangu kashauzoea miaka thelathini, na mie bado namtaka.

Mama yako,
Zuena binti Marijani